Maji Tuliyomwaga kwa Heshima ya Mgeni

Mgeni rasmi, Bwana Kathurima, mkurugenzi wa shirika lililotujengea choo. Mwenyekiti wa kamati ya soko, Bwana Kingori. Wazee, wachuuzi wenzetu, na nyinyi mliosimama huko nyuma kando ya magunia ya viazi, hamjambo.

Risala hii ni ya akina mama wa soko la Githima-ini, na imeandikwa mwezi huu wa Desemba, mwaka wa 1998. Anaisoma katibu wetu, Sophie Kagendo, kwa sababu sauti yake haitetemeki upesi. Maneno ni yetu sote.

Kabla hatujaendelea, tukueleze jambo moja dogo. Juzi Bwana Kingori alitaka aione risala kwanza ndipo aipitishe. Tulimwandikia moja tamu sana, kurasa mbili za shukrani tupu, akaisoma akitabasamu, akaigonga muhuri. Hiyo tumemwachia aiweke kumbukumbu. Unayoisikia sasa ni ile nyingine.

KUKUKARIBISHA

Karibu. Tunajua umetoka mbali, na barabara ya kutoka Karatina mpaka huku haimhurumii mtu tangu mvua ya El Niño ilipoila. Kiti umepewa, maua umepewa, soda imefunguliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mara ya mwisho ulipokuja tuliugua. Kwa hiyo ukituona tumekunja nyuso, usidhani ni jua. Tuna hasira, Bwana Kathurima. Tunakukasirikia wewe, tunaikasirikia kamati, na zaidi ya wote tunajikasirikia sisi wenyewe. Kwa nini, utajua tukifika huko.

Programu inasema leo utaweka jiwe la msingi la choo kipya cha maji, na hiki cha zamani kibomolewe kwa kuwa "kilishindikana kwa uzembe wa mhudumu." Maneno hayo yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko, kwa herufi kubwa, na kila anayekwenda kulipia kibanda huyasoma. Mhudumu huyo ana jina. Anaitwa Magdaline Waithira, na sisi tunamwita Mama Nderitu, kwa jina la kifungua mimba wake. Risala hii ni ya kwake.

HISTORIA YA CHOO

Kwa lugha ya hapa, Githima ni kisima, na mahali hapa hapakupewa jina hilo kwa mzaha. Ukichimba futi nne umekutana na maji. Soko hili lilichimba vyoo vya shimo vitatu. Cha kwanza kilijaa maji kabla hakijapata mlango. Cha pili kilidumu msimu mmoja. Cha tatu kilizama na ukuta wake, na tunamshukuru Mungu kwamba hakikuwa na mtu ndani. Siku ya soko watu hapa ni mia tatu na zaidi. Wanaume walikuwa na ukuta wao nyuma ya posho mili, kinu cha unga. Sisi tulikuwa na shamba la mahindi la Mzee Wamae, tukichungana kwa zamu, na mahindi yakivunwa tulijizuia mpaka jioni. Mambo kama haya hayasomwi mbele ya wageni, lakini mficha uchi hazai.

Mwaka wa 1995 shirika lako likatujengea choo kisichochimbwa. Kinasimama juu ya ardhi, ngazi saba, na chini yake kuna vyumba viwili vya mawe, kila kimoja na kilango chake cha bati upande wa nyuma. Mkojo una mfereji wake unaopita mbele mpaka kwenye migomba. Haja kubwa inaanguka chumbani, na ukimaliza unatupa kopo moja la majivu yaliyochanganywa na maganda ya kahawa. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima kioze kwa utulivu, na watu wahamie cha pili. Bomba jeusi linavuta harufu juu. Maji hayaingii humo hata kidogo.

Fundi wa shirika, Muchangi, alitufundisha siku tatu. Siku ya pili alikuja na karai la mbolea iliyokwisha kuiva, iliyotoka kwenye choo cha namna hii, akauliza nani atatia mkono. Tuliangalia viatu vyetu. Magdaline, ambaye wakati huo alikuwa akiuza kabeji na hakuwa na cheo chochote, alikunja mkono wa sweta, akateka konzi, akaibana, akainusa bila haraka. Akasema, "Hii ni mchanga tu. Iko na harufu ya msitu." Muchangi akafunga daftari lake, akasema mhudumu amepatikana. Tulipiga makofi, na wengine wetu tulicheka tukimwonea huruma.

MAFANIKIO

Magdaline alikijua choo kile kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Kila asubuhi, kabla hajafungua gunia la kabeji, alizunguka nyuma, akafungua kilango na kulitazama lundo. Likichongoka katikati, alilisawazisha kwa mti mrefu ili lisiguse juu na lisioze upande mmoja. Kila Jumanne alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akateka konzi moja, akaibana. Maji yakitoka kati ya vidole, lundo lilikuwa limelowa, na aliongeza maganda ya kahawa na kulikoroga. Ikimomonyoka kama unga, lilikuwa limekauka mno na haliozi, na alilinyunyizia kikombe kimoja cha maji, si viwili. Ikikaa kama tonge bila kudondosha kitu, aliridhika, akaenda kunawa.

Nzi wakionekana, hakuanza kulaumu watu. Alipanda ngazi akakagua wavu ulio juu ya bomba, maana ukitoboka kidogo tu nzi wanaingia na kutoka kama kwao. Harufu ikija, kitu cha kwanza alichotazama ni mfereji wa mkojo, na mara nyingi alikuta mtu ameusukumia gunzi la mahindi. Alilitoa kwa waya, akalibeba juu kama kombe la mpira, akapita nalo soko zima akiuliza ni la nani. Hatukuwahi kulidai, ila wiki hiyo magunzi yalipungua.

Kila wiki mbili alikwenda Karatina kuleta magunia ya maganda ya kahawa. Majivu aliyaokota kwenye hoteli za chai, na wenye hoteli wakajifunza kumwekea. Mgeni wa soko akiuliza ndoo ya maji iko wapi, Magdaline alimwambia maneno yale yale kila mara, "Hapa hatuoshi. Hapa tunafunika." Watoto wetu waliyageuza wimbo wa kuruka kamba.

Chumba cha kwanza kilipofunguliwa baada ya mwaka wake, tulitoa wilbaro kumi na nne za mbolea nyeusi isiyonuka. Muchangi alisema isitiwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, tukaitia kwenye migomba na majani ya nepia, na ng'ombe wa kijiji hiki wakanenepa kwa sababu yetu, samahani kwa kusema hivyo mbele ya soda yako.

Halafu ikaja El Niño. Wewe uliisoma kwenye gazeti, sisi ilitukuta miguuni. Vyoo vya shimo vya bonde zima vilifurika, na siri za watu zikaelea njiani. Zahanati ilijaa wagonjwa wa tumbo mpaka wakalala wawili wawili. Choo chetu kilisimama. Magdaline alichimba mtaro kukizunguka, akaviinamishia vilango vya nyuma mabati yaliyokuwa ya jikoni kwake, na msimu wote ule soko hili halikupeleka mgonjwa. Watu walikuja kutoka Othaya na Naro Moru kukiangalia. Alikuwa akiwapandisha ngazi zile saba mmoja mmoja na kuwaeleza, na akirudi kwenye kabeji zake alikuwa mtu mwingine, mabega juu. Alituambia baadaye kwamba tangu aache shule darasa la tano, hakuwahi kuulizwa swali na mtu aliyevaa tai. Mwaka ule aliulizwa mengi, akayajibu yote.

Sifa hizo ndizo zilizokufikia wewe, ukaamua kuleta wafadhili. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

MATATIZO

Sisi watu wa huku tuna desturi moja, na wewe Bwana Kathurima ni mtu wa Meru, unaijua vilevile. Mgeni akija, nyumba inaoshwa. Awe askofu, awe mkwe, awe chifu, sakafu inasuguliwa mpaka ing'ae. Na majivu hayaonyeshwi mgeni. Mwanamke ambaye majivu yake yanaonekana anasemwa kijiji kizima. Hiyo ni heshima tuliyolelewa nayo, na kwa sakafu ya saruji ni nzuri.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Alhamisi, Bwana Kingori alitangaza kwamba Jumamosi unakuja na Wazungu watano, na choo kioshwe. Alinunua chupa nane za dawa ya kuua viini, ile inayogeuza maji kuwa meupe. Maji yalikuwa mitungi arobaini. Unaweza kujiuliza nani aliibeba.

Ni sisi tulioibeba. Tunaomba hilo lisikike mpaka barabarani. Hakuna aliyetushikia fimbo. Tulijifunga leso viunoni, tukapanga mstari kutoka kisimani, tukiimba.

Magdaline alisimama kwenye ngazi ya tatu, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe. Alisema, "Mkimwaga maji hapa mnaua. Humu ndani kuna kitu iko hai." Bwana Kingori akamuuliza kama anataka mgeni akanyage majivu kama kuku. Na mmoja wetu, hatutamtaja, ameketi mstari wa mbele na anajijua, alimwambia asituaibishe mbele ya wageni. Tukampita. Alisukumwa kwa ndoo, akateremka, akakaa juu ya gunia la kabeji na kutugeuzia mgongo. Baadaye alituambia kwamba Kingori hakumuumiza sana, maana Kingori hakuwahi kutia mkono kwenye lile karai. Kilichomuumiza ni kusikia miguu yetu ikipanda zile ngazi, akiitambua mmoja mmoja kwa mlio wa kandambili.

Ukaja Jumamosi. Ulikaa dakika nne. Choo kilinukia kama hospitali. Magdaline alikuwa mlangoni, amevishwa aproni nyeupe ya kuazima, na alikuwa amekesha na sentensi moja kichwani, akiipanga ili iwe fupi na uielewe. Alikushika mkono akakwambia, "Bwana, imeoshwa na maji. Hii si kawaida yake. Itaoza." Ulikuwa unaangalia kamera. Ulimjibu, "Vizuri sana, mama. Endelea hivyo hivyo."

Kisha ukaandika kwenye kitabu cha wageni, na tunayanukuu kama yalivyo: "Nimefurahi sana. Usafi huu uendelee kila siku." Chini yake sahihi yako.

Bwana Kathurima, hujui sentensi iliyoandikwa na mkubwa inafanya nini mahali kama hapa. Wewe uliifunga kalamu ukaenda kula nyama. Bwana Kingori aliinakili akaibandika ukutani, na kuanzia Jumatatu ikawa sheria, mitungi kumi kila asubuhi na dawa ndani yake. Magdaline alikataa. Akawekwa Kahiga, shemeji yake mwenyekiti, kumwaga maji. Kahiga akimaliza tu kumwaga, Magdaline alipanda nyuma yake na debe la majivu. Mmoja analowesha, mwingine anafunika, wiki mbili nzima. Soko lilikuwa likitazama kama sinema na kucheka. Lakini lundo lililoloweshwa kila siku halikauki hata ulitie majivu ya wilaya nzima.

Wiki ya tatu harufu ikaja. Si ile harufu ndogo ya gunzi mferejini. Hii ilikuwa inakukamata koo. Maji meusi yalitoka chini ya kilango, yakatiririka mpaka kwenye viazi vya wenzetu, na nzi wakaja mpaka kwenye maziwa. Magdaline alibana konzi yake ya Jumanne, ikamtoroka kati ya vidole kama uji. Alikwenda ofisini akaomba jambo moja. Choo kifungwe miezi mitatu, maji yasimamishwe, aletewe magunia thelathini ya maganda, alikoroge lundo kila siku na kulianika kilango kikiwa wazi siku za jua. Chumba cha pili kilikuwa bado kinaiva, kisingeweza kutumika. Alisema kitapona. Bwana Kingori alijibu kwamba soko haliwezi kuambiwa lijizuie miezi mitatu. Watu walicheka tena, nasi tulikuwa kati yao.

Mwezi wa Mei ikaandikwa barua ya kumfuta, "kwa kukaidi maagizo ya mgeni rasmi na kwa uzembe." Barua ilihitaji mashahidi. Tulitia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia kidole. Tulikuwa na sababu zetu. Vibanda vinagawanywa na kamati. Biashara ilikuwa imeharibika, na tulitaka harufu ile iwe na jina la mtu, lisiwe letu. Magdaline alikuwepo tulipotia sahihi. Alirudisha sepetu akiwa ameiosha, akaisimamisha ukutani, akaondoka.

Tangu hapo watu hawanunui kabeji zake. Wanasema mikono yake inachafua. Hapa sokoni aliitwa Mama Choo, na jina hilo likamfuata mpaka kanisani, ambako watu husogea kidogo akiketi. Aliondoka sokoni mwezi wa Juni. Sasa anachuma majani chai ya watu upande wa Othaya, mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wenye tai.

Sisi tumerudi kwa Mzee Wamae. Mahindi yake yamevunwa, kwa hiyo unaweza kufikiria. Mwezi wa Agosti watoto watatu wa soko hili walilazwa kwa homa ya matumbo katika wiki moja. Choo kilichotuvusha katika El Niño tulikizamisha wenyewe kwa mitungi.

Septemba fundi Muchangi alikuwa akipita kwenda kwenye kazi nyingine, akashuka kusalimia. Alifungua kilango cha nyuma, akachuchumaa. Hakuziba pua. Alitumbukiza kijiti, akakitoa, akakitazama, akageuka akauliza, "Ni nani alimwaga maji hapa?"

Soko lilikuwa limejaa. Tulijitia hamnazo, huyu anapanga nyanya zilizokwisha kupangwa, yule anatafuta chenji ambayo hakuna aliyeidai. Muchangi alingoja. Mwishowe mmoja wetu akasema ni sisi. Akauliza Magdaline yuko wapi. Tukamwambia tulimfukuza. Alifunga kilango, akanawa mikono, tukamletea chai, akaikataa. Huku kwetu mtu akikataa chai yako, hana haja ya kukutukana. Alisema tu kwamba ugonjwa wa choo unatibika kwa njia ile ile aliyoitaja Magdaline mwezi wa Aprili, akapanda gari lake akaenda.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake na vyondo, vikapu vyetu vya kusuka, vyenye sukari, unga na mafuta ya kupikia. Alitupikia chai, akatupa vikombe vyake vizuri, nasi hatukuweza kuinua macho. Tuliomba msamaha kwa mdomo, kila mmoja kwa jina lake. Alisema amekwisha kutusamehe, maana chuki inamchosha na ana chai ya kuchuma. Tukamwomba arudi. Akasugua meza mahali ambapo hapakuwa na doa. Kisha akasema, na tunayasoma maneno yake kama alivyoyasema:

"Nyinyi mnajua ukweli. Lakini watu hawakuamini nyinyi, waliamini kitabu. Nikirudi hivi, nitakuwa yule mzembe mliyemhurumia. Mwenye kuandika arudi aseme ni maji."

MAOMBI

Desturi ya risala ni kuomba. Tulikuwa na orodha ndefu, tenki, mabati, mwavuli wa soko, na tumeichana.

Choo kipya cha maji hatukitaki. Mfereji wetu unatoa maji Jumanne na Ijumaa, ukipenda. Mafundi wako wakianza kuchimba shimo la choo hicho, futi ya nne watakutana na kisima, na watashangaa, na sisi tutakuwa tumesimama hapa tukiwatazama. Jiwe la msingi tunaomba ulirudishe kwenye gari.

Jumatano Bwana Kingori alituagiza tena tuoshe, kwa ajili yako. Safari hii hatukubeba hata kikombe. Kahiga alimwaga mitungi yake kumi ya kawaida, na hapo akaachwa peke yake. Kwa hiyo ukipelekwa kukitazama, kitanuka. Tunakuomba usizibe pua na usikae dakika nne. Hiyo ndiyo harufu ya sentensi yako na ya mitungi yetu, na Magdaline Waithira hana hata tone ndani yake.

Ombi letu ni moja. Ulimsikia mlangoni mwezi wa Machi, au hukumsikia, hilo unalijua mwenyewe. Tunaomba leo, kwa mdomo wako na kwa kipaza sauti hiki, useme mbele ya soko lote kwamba kilichoharibu choo ni maji, kwamba mhudumu alikwambia, na kwamba alisema kweli. Kisha uandike hivyo kwenye kitabu kile kile, chini ya sahihi yako ya zamani. Ukishaandika, ile karatasi ya mlangoni itatoka na mitungi itakoma. Yaliyobaki, maganda, majivu na miezi mitatu ya kujizuia, ni shida yetu wenyewe na tumejiandaa.

Bwana Kingori, wewe hatukuombi. Barua ya kumfuta ilikuwa na sahihi zetu, na sasa tumekuandikia nyingine ya kumrudisha, yenye sahihi zetu tena na vile vidole. Iko mezani, chini ya maua ya mgeni. Inakungoja wewe tu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Magdaline yuko hapa. Ameomba ruhusa kwa mwenye chai, amekuja kwa miguu kutoka stendi. Tulimwekea kiti mstari wa mbele, akakataa. Amesimama huko nyuma kando ya magunia ya viazi, kitambaa cha kijani kichwani, na alisema atasikia vizuri kutoka pale. Watu wameanza kugeuka kumtazama. Sisi hatutageuka, tunakutazama wewe.

Baada ya risala programu imeandikwa wimbo, halafu zawadi. Kiondo utapewa, maana kimesukwa kwa miezi miwili na hakina kosa. Wimbo haupo. Machi tulikuimbia tukiwa tumebeba mitungi, na tangu siku hiyo hatuna hamu.

Mungu akupe maisha marefu, wewe na nyumba yako. Akufikishe salama jioni hii barabara ikiwa bado kavu. Na kabla ya hayo yote, akupe moyo wa kusimama. Katibu wetu anakuletea kipaza sauti.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Soko la Githima-ini,
wanachama arobaini na mmoja, pamoja na Magdaline Waithira.